Neno, Ukumbi na Msikilizaji: Taarab kutoka Kasri hadi Ngome Kongwe

Historia ya taarab ya Unguja aghalabu imesimuliwa kwa majina: majina ya masultani walioileta, ya waimbaji walioipa sauti, na ya vyama vilivyoilea. Ni haki kusimuliwa hivyo, kwani majina hayo yanastahiki kukumbukwa. Lakini iko njia nyingine ya kuitazama, nayo ni kuuliza ilipigwa wapi, na yule aliyeisikiliza alikaa wapi. Maana wimbo wa taarab haukutungwa ili uishie hewani. Ulitungwa umfikie mtu, na mtu huyo alikuwa na namna yake ya kuujibu. Pahala pakibadilika, jawabu nalo hubadilika. Na jawabu likibadilika, utungaji wenyewe haubaki kama ulivyokuwa.

Fikra hii sikuitoa kitabuni. Ilinijia usiku mmoja nilipokwenda Ngome Kongwe, hapa Mji Mkongwe, kukisikiliza kikundi cha vijana sita: udi, kanuni, fidla, besi, ngoma, na binti mmoja mwimbaji. Jina la kikundi sitalitaja, kwa kuwa nitakayoyasema si ya kikundi kimoja. Lakini kabla ya kuufikia usiku huo, hatuna budi turudi nyuma kidogo, tuifuate taarab pahala hadi pahala.

Pahala pa kwanza ni kasri. Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alipenda mambo ya Misri, na muziki wa Misri ulikuwa miongoni mwa hayo. Aliwaleta wapigaji kutoka huko, na inasimuliwa kuwa alimpeleka Mohamed Ibrahim mjini Cairo akajifunze kanuni. Beit al-Ajaib, jumba la sherehe za utawala, lilijengwa mwaka 1883. Lugha iliyoimbwa ilikuwa Kiarabu. Msikilizaji alikuwa mwalikwa, na jawabu la wimbo lilikuwa hidaya ya mfalme. Asiyealikwa aliweza kusimama chini ya ukuta na kusikia kilichovuka madirisha. Lakini kusikia huko hakukumpa haki ya kujibu.

Pahala pa pili ni chama. Mwaka 1905 vijana wa mjini walianzisha Akhwani Safaa, jina lililochukuliwa kwa wale wanafalsafa wa Basra wa zama za kale, ndugu wa usafi wa moyo. Hapa taarab ilitoka mikononi mwa mtawala ikaingia mikononi mwa wanachama. Waliokuwa wakisikiliza walikuwa pia wakipiga, ama walikuwa jamaa na marafiki wa wapigaji. Jawabu lao likawa la mafundi kwa mafundi: aliyekosa alirekebishwa, na aliyepata aliitikiwa kwa ile sauti ya kuridhika ambayo ndiyo tarab yenyewe, kwa maana ya asili ya neno. Chama hicho kilitimiza miaka mia mnamo 2005, na vichache ni vyama vya muziki popote pale duniani vilivyofikia umri huo.

Pahala pa tatu ni nyumba ya Ng'ambo, na hapa ndipo historia ilipogeuka. Mwaka 1911 alihamia mjini mwanamke wa Fumba aliyezaliwa katika ukoo wa watumwa, ambaye kabla ya hapo alikuwa akitembea kwa miguu kuuza vyungu. Ndiye Siti binti Saad. Alifundishwa kuimba na Muhsin Ali, kisha akawa na wapigaji na waimbaji wenziwe, akina Subeti Ambar, Budda, Mbaruk na Maalim Shaaban. Aliitwa majumbani mwa wakubwa kuimba, na huko alipokea hidaya kama waimbaji wa zamani. Ila kilicho kikubwa zaidi ni mikutano ya usiku nyumbani kwake, majirani wakikusanyika kusikiliza mazoezi. Taarab ikaimbwa kwa Kiswahili, kwa watu waliokielewa kila kiungo cha neno, na jambo lililotokea mchana mtaani au mahakamani liliweza kuwa wimbo usiku.

Mfano unaojulikana sana ni wimbo wa Kijiti. Mwanamke mgeni aliyekuja Unguja kutoka Bara aliuawa. Mtuhumiwa akakimbia akavuka bahari. Na waliotiwa hatiani wakawa wanawake waliokuwa nao katika mkusanyiko ule, kwa sababu ya pombe. Wasikilizaji wa Ng'ambo waliijua kesi hiyo kuliko alivyoijua hakimu. Wimbo haukuwaletea habari. Uliwaletea hukumu yao wenyewe, ile ambayo mahakama haikuitoa. Hapo jawabu la msikilizaji lilitangulia wimbo: yeye ndiye aliyeleta kisa, na mtunzi akakirudisha kwake kikiwa kimepangwa kwa vina na mizani.

Mwaka 1928 Siti na wenziwe walisafiri kwenda Bombay kurikodi santuri kwa kampuni ya His Master's Voice. Kwa mara ya kwanza sauti ya mwanamke wa Ng'ambo ikatoka Unguja bila ya mwenyewe kuwapo, ikasikilizwa katika migahawa na mabaraza ya mwambao mzima. Shaaban Robert alipomwandikia wasifu wake, aliandika juu ya mtu ambaye wengi walimjua kwa sikio tu. Santuri ni neema kubwa, lakini ina kasoro moja: haimsikii anayeisikiliza.

Sambamba na haya palikuwapo kidumbaki, ambacho waungwana wa mjini walikiona kama taarab ya masikini. Ngoma mbili ndogo, fidla, mkwasa wa vijiti, na sanduku, yaani kasha lililowambwa uzi mmoja kwenye fimbo, likatoa sauti ya besi. Kidumbaki hakikuhitaji ukumbi wala viti. Kilipigwa uani, harusini, mpigaji akigusana mabega na mchezaji. Nyimbo ziliungwa moja kwa nyingine bila ya kituo, na mwimbaji aliweza kuongeza ubeti papo hapo kwa kumtazama tu aliye mbele yake. Ukitaka kujua taarab ilivyokuwa karibu na watu, usikitazame kidumbaki kwa dharau.

Kisha ikaja redio. Sauti ya Unguja ilianza mwaka 1951, na studio zake zilikuwa Raha Leo, yaani ng'ambo hiyo hiyo ya mji. Msikilizaji akawa haonekani, lakini akawa wengi. Barazani watu walisikiliza pamoja, wakabishana juu ya fumbo: fulani kakusudiwa, la, hakukusudiwa. Jawabu likahamia mtaani, mbali na mwimbaji, ila halikufa.

Mwaka 1958, katika joto la siasa, kiliundwa kikundi cha Shime Kuokoana, ambacho baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 kilikuja kuwa kikundi cha utamaduni, na leo kinajulikana kwa jina la Culture Musical Club. Vyama vikawekwa chini ya mkono wa chama tawala na serikali. Hii ndiyo zama ya ukumbi mkubwa: safu ya fidla, akodiani, chelo, udi, kanuni, waimbaji wakisubiri zamu zao kwa utulivu, na mbele yao wasikilizaji wamekaa vitini, wanawake wamejipamba, uturi unanukia. Taarab ilipigwa katika sherehe za taifa, ilipigwa katika Idi, ilipigwa katika harusi.

Katika ukumbi huu kazi ziligawanyika. Mshairi aliandika maneno katika daftari. Mwengine akayatia muziki. Wa tatu akayaimba. Mshairi mara nyingi hakuonekana kabisa. Alikaa nyuma, pengine karibu na mlango, akitazama neno lake likipita kati ya watu. Na alijua kwa yakini kama limefika, kwa sababu ya desturi ya kutunza.

Kutunza si kulipa. Mgeni huona mwanamke ameinuka na noti mkononi, anakwenda kwa mwendo wa madaha hadi jukwaani, anampa mwimbaji, anarudi kitini. Akadhani ni bakhshishi. Lau angejua, angemtazama alivyoinuka na kwa neno gani aliinuka. Hainuki wakati wowote. Huinuka ubeti unapomgusa: umesema uchungu wake, au umemsema hasimu wake aliyekaa safu ya tatu. Akipita mbele ya hasimu, noti ikipepea, ameutia wimbo anuani. Mtunzi aliandika fumbo; yeye amelifumbua mbele ya kaumu bila ya kutamka hata neno moja. Wala hakuna awezaye kumshitaki, kwani amefanya nini zaidi ya kumtunza mwimbaji? Nathubutu kusema kuwa sijaona pengine popote msomaji wa ushairi aliyepewa uwezo mkubwa namna hiyo.

Ni kweli kwamba desturi hii ilifika pahala ikazidi mpaka. Miaka ya 1990 ilipokuja taarab ya kisasa, na vinanda vya umeme, na vipaza sauti, na ile iliyoitwa rusha roho, fumbo likapungua na mipasho ikazidi. Maneno yakatupwa waziwazi, na aliyetupiwa hakuwa na haja ya kutafakari. Wazee wengi walilaumu. Mimi siwalaumu wanawake waliocheza. Walikuwa wakiendeleza haki yao ya kujibu. Kilichopungua kilikuwa kazi ya mtunzi, aliyeacha kuwapa kitu cha kufumbua.

Sasa tuingie Ngome Kongwe. Ngome hii ilijengwa na Waarabu wa Oman mwishoni mwa karne ya 17, baada ya Wareno kuondoka, pahala palipokuwa na kanisa la Wareno hao. Ilikuwa ya askari, ikawa jela. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikatumika kwa kazi za reli ya Bububu. Miaka ya 1940 mabibi wakacheza tenis ndani yake. Miaka ya 1990 ikatengenezwa uwanja wa ngazi za mawe wa kukalia watazamaji. Tangu 2004 hapa ndipo makao ya tamasha la Sauti za Busara, ambalo hufanyika kila Februari, isipokuwa 2016 lilipokosekana kwa uhaba wa fedha. Jirani yake ni Beit al-Ajaib, ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Kwa hivyo taarab, baada ya kuzunguka mji mzima na kuvuka bahari, imerudi hatua chache tu kutoka ukuta wa Barghash, lakini sasa inaingiwa kwa tikiti.

Vijana wanaopiga humo wengi wamepitia chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kilichofungua milango yake mwaka 2002. Chuo hicho kimefanya jambo ambalo vyama vya zamani havikulifanya kwa wepesi: kimewapa wasichana ala. Zamani mwanamke aliimba. Udi na kanuni zilikuwa mikononi mwa wanaume. Leo binti wa Unguja hukaa na udi mapajani, na hakuna anayeshangaa tena. Kikundi cha Siti and the Band, kilichozaliwa katika muongo wa 2010, ni mmoja wa mifano inayojulikana, na jina lake linakumbusha deni lake kwa Siti wa Fumba. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alipanda majukwaa ya dunia akiwa mkongwe, na hawa vijana wamepita katika njia aliyoisafisha yeye.

Usiku ninaousimulia, ngazi zilikuwa zimejaa nusu na zaidi. Wageni walikuwa wengi, wenyeji tulikuwa kiasi. Mbele ya jukwaa paliwekwa uzio wa chuma, na kijana wa ulinzi amesimama. Kikundi kilianza kwa bashraf fupi, kisha kikaingia nyimbo zake, ngoma ya shamba imechanganywa na udi, fidla inapita juu kama ndege. Nilifurahi, wala sioni haya kusema hivyo. Binti alikuwa na sauti pana isiyolazimishwa, na walisikilizana vizuri kuliko vikundi vingi vyenye watu thalathini.

Katikati ya usiku wakapiga wimbo wa zamani, nao wakautangaza hivyo: wimbo wa wazee, tumeupata katika kanda. Ulikuwa wimbo wa jahazi. Naujua. Chombo kinaonekana kizuri, tanga limejaa, shehena imepangwa, watu wa pwani wanakisifu. Lakini mna maji katika ngama. Msomaji wa mwambao hahitaji kuelezwa ngama, ila kwa ajili ya watoto wetu nitasema: ni pahala pa chini kabisa ndani ya chombo, chini ya shehena, ambapo maji yanayovuja hukusanyika na abiria hayaoni. Fumbo lote limekaa katika neno hilo moja. Ndiyo nyumba inayosifiwa na wageni, na mwenyewe peke yake ndiye ajuaye kinachojaa chini.

Binti akaimba nyuma. Maji yako nyuma. Mizani haikuharibika, kina hakikuharibika, na muziki uliendelea vizuri. Wimbo tu ndio uliozama.

Mgeni aliyekaa ubavuni mwangu aliniuliza kwa kunong'ona wimbo unasema nini. Mimi kazi yangu ni kufasiri. Nimefanya hivyo miaka mingi, bila ya kufundishwa na mtu. Nikamjibu: ni wimbo wa mapenzi, na safari ya baharini. Akashukuru, akainua simu yake akapiga picha. Sikumwambia uongo, lakini nilijua kuwa nimefanya lile lile alilofanya kanda: nimelifuta neno nikaacha sauti.

Ngazi mbili chini yangu alikuwa amekaa bibi mmoja wa makamo ya juu, amejitanda kanga, amekuja na mjukuu wake. Neno lilipopita nilimwona akigeuza kichwa kidogo, kama mtu aliyesikia hatua isiyo ya kawaida nyumbani kwake. Hata hivyo ubeti wa mwisho ulipofika akainuka. Noti ya shilingi elfu tano mkononi, mwendo ule ule wa ukumbini, taratibu, kwa mpigo. Alipofika kwenye uzio, kijana wa ulinzi akainua mkono kumzuia. Hakuwa mtovu wa adabu. Alikuwa na maagizo yake, na yamkini hakuwahi kuona mtu akitunza. Bibi akamtazama, akaitazama noti, akarudi kukaa. Watu walipiga makofi, naye hakupiga.

Nilikaa nikifikiri. Hapo mbele yangu ilisimama historia yote niliyoieleza hapo juu, ya kasri na chama na nyumba ya Ng'ambo na ukumbi, na kati yake na msikilizaji umewekwa uzio wa chuma wa kima cha kifua. Lakini mimi nami sikuwa nje ya lawama. Nililisikia kosa kama alivyolisikia yeye. Ni mshairi, na nilikaa kimya, nikajiambia si adabu kumvunja moyo kijana, nikajiambia wageni hawajui, hakuna aliyedhurika.

Shughuli ilipokwisha tulitoka kwa lango kuu, upande wa bustani ya Forodhani. Vijana walikuwa wakipakia ala katika gari dogo. Bibi alikuwa amesimama pembeni anasubiri. Binti alipopita na udi wake begani, bibi akamwita.

"Labeka, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Shika hii yako. Nilitaka kukupa kule ndani nikazuiliwa." Akampa noti, na kabla ya mkono kuachana akauzuia kidogo. "Umeimba vizuri, Mungu akuhifadhi. Lakini maji hayako nyuma. Yako ngamani. Marehemu baba yako mkubwa huyu," akamwonesha mjukuu wake kama kwamba mjukuu ndiye shahidi, "alikuwa baharia. Maji ya ngama ndiyo yaliyomuondoa. Ukisema nyuma, umemtoa mtu chomboni."

Binti hakukasirika. Alisema kanda limechakaa, pahala hapo pana mkwaruzo, wamelisikiliza mara nyingi wakakubaliana kuwa ni nyuma. Kisha akauliza ngama ni nini. Bibi akamweleza pale pale, chini ya taa ya barabarani, kwa mikono miwili akitengeneza umbo la jahazi hewani, na wale wapigaji wengine wakaacha kupakia wakaja kusikiliza. Mkao wao ule ulikuwa mkao wa Ng'ambo wa miaka ya 1920 kama ninavyousoma katika simulizi: wapigaji na majirani, na neno katikati.

Nimeandika haya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwaomba wanaotayarisha maonesho. Uzio una faida zake, na Ngome haiwezi kuwa uani kwa mtu. Lakini iacheni njia, japo ya upana wa mtu mmoja, na mwelezeni mlinzi kuwa anayekuja na noti mkononi anakuja na jawabu. Vijana wetu wamekwishathibitisha kuwa wanajua kupiga. Haki yao ya pili ni kuwa na wasikilizaji wanaoweza kuwaambia wamekosea wapi.

Ya pili inatuhusu sisi tunaojiita watu wa mashairi. Kanda zinachakaa, na waliozirikodi wanatutoka mmoja mmoja. Madaftari ya nyimbo, yale ya mkono, ya hati ya Kiarabu na ya Kirumi, bado yamo katika masanduku ya nyumba nyingi za Unguja na Pemba, yaliyoachwa na waume, baba na wajomba waliokaa karibu na mlango. Mwenye nalo asilingojee la mwenziwe. Mimi ninalo moja, nililonakili kwa mkono wangu nilipokuwa kijana, na wimbo wa jahazi umo, na ngama imeandikwa wazi. Wiki iliyofuata nilipiga hodi kwenye chumba wanachofanyia mazoezi vijana wale, nikaliweka mezani. Walinitaka nikae nisome. Nilisoma hadi magharibi, na mara tatu walinisimamisha kuniuliza maana ya neno.